Maji kwenye oili baada ya hedi kutengenezwa: kisa cha Peugeot 504 iliyofungwa mara mbili

Usuli

Gari ni Peugeot 504 ya saluni, ya petroli na kabureta, injini ya cc 1971, gia zikiwa kwenye usukani. Mwenyewe ni mzee mstaafu anayeishi katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Majina ya wahusika, namba ya gari, mji na gereji zote mbili zilizoshughulikia kazi hii vimeachwa. Nilikuwapo injini ilipofunguliwa na kufungwa mara ya pili. Ya mara ya kwanza nimeyapata kwa mzee na kwa kijana aliyeifunga, ambaye hakuficha kitu.

Watu wa umri wa mzee huyu hawahitaji kuelezwa 504 ni nini. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikaifuata Peugeot 404 iliyokuwa imeshinda Safari Rally mara nne: Nick Nowicki mwaka 1963 na 1968, na Bert Shankland wa Tanzania mwaka 1966 na 1967. 504 nayo ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas, ingawa hiyo ya 1978 ilikuwa kupe (gari la milango miwili) yenye injini ya V6, si hii ya silinda nne. Mafundi waliozifungua injini hizi kila wiki walikuwa wengi zamani. Sasa wengi wao wamestaafu, na vijana walioshika spana baada yao wamefunzwa kwa Toyota. Kisa hiki kizima kimejengwa juu ya jambo hilo.

Injini yenyewe

Bloku ya 504, yaani mwili mkuu wa injini, ni ya chuma cha kumimina; hedi, kifuniko chake cha juu chenye valvu, ni ya alumini. Kemshafti, mhimili unaoendesha valvu, iko ndani ya bloku na inazungushwa na cheni, kwa hiyo ukitoa hedi hugusi taimingi ya cheni hata kidogo. Valvu zinafunguliwa na pushirodi (vijiti vya kusukuma) kupitia roka (vikono vinavyobonyeza valvu). Injini imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, jambo linalosumbua wakati wa kufunga, kama tutakavyoona.

Kinachoitofautisha kabisa na Toyota za kawaida ni slivu. Katika bloku nyingi za Toyota tundu la pistoni limechongwa kwenye chuma cha bloku yenyewe. Hapa slivu ni mrija unaojitegemea, umezama ndani ya bloku na maji yanauzunguka pande zote. Chini umekalia bega, na kati ya bega na slivu kuna sili nyembamba inayotenganisha maji na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Juu haushikwi na kitu chochote isipokuwa hedi. Ukingo wa slivu unachomoza kidogo sana juu ya uso wa bloku, ili bolti za hedi zikikazwa ukingo ule ubane gasketi (karatasi nene ya kuziba) juu na mrija mzima usukumwe chini kwenye sili yake. Bolti zilezile, basi, zinaziba mahali pawili: juu kwenye gasketi na chini kabisa kwenye bega. Hedi ikitoka, slivu haina mwenyewe.

Kilichotokea

Mzee alikuwa akitoka Mombasa kuelekea bara, akapanda Mazeras nyuma ya foleni ya malori, mchana wa jua. Mshale wa joto ukapanda. Akaendelea akitafuta mahali pazuri pa kuegesha, na alipopata, mvuke ulikuwa umeshatoka chini ya boneti. Msamaria mmoja akamsaidia kumwaga maji baridi kwenye rejeta injini ikiwa bado moto, na hedi ya alumini haipendi hilo hata kidogo. Gari likarudi mjini kwa kuvutwa.

Gereji ya kwanza ilifungua hedi ikakuta gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Rula ya chuma iliyonyooka ikalazwa juu ya hedi, na ubati wa fila (wa kupimia pengo) wa 0.25 mm ukapita katikati bila kusukumwa. Hedi ikapelekwa karakana ya mashine. Huko ilipimwa nyufa kwa maji ya presha, ikaskimiwa (uso ukasawazishwa kwa mashine), valvu zikasagwa na gaidi moja, mrija unaoongoza shina la valvu, ikabadilishwa. Nimeiona hedi ile kwa macho yangu: kazi safi, uso umenyooka, mistari ya kisu cha mashine inaonekana sawa toka mwisho hadi mwisho. Hakuna aliyepata la kuilaumu.

Gasketi mpya ilichelewa, kwa kuwa ilibidi itafutwe Nairobi. Katika kusubiri, kijana akaamua kutumia muda vizuri na kusafisha vichwa vya pistoni vilivyoota kaboni. Akazisugua zile mbili zilizokuwa juu, akaweka spana kwenye bolti ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), akageuza nusu mzunguko zikaja mbili nyingine, akazisugua nazo. Halafu akazungusha mara kadhaa zaidi ili afute vumbi la msasa ndani ya slivu. Kwenye Toyota huo ndio usafi unaotakiwa, na angesifiwa.

Gasketi ilipofika aliipaka silikoni pande zote mbili, akalaza hedi, akakaza bolti kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Injini ikakataa kuwaka, ikawa inalipua moto kupitia kabureta. Hilo lilimaliza nusu siku, na chanzo chake kinafaa kuelezwa: kwenye injini hii silinda namba 1 iko upande wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), si upande wa feni. Kijana alihesabu kuanzia mbele. Kwa kuwa mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, ukihesabu kinyume bado unapata mpangilio uleule ukiuzunguka, kwa hiyo waya zilionekana sawa kwenye kofia ya distributa. Tofauti ni kwamba cheche ilikuja mzunguko mzima wa kranki nje ya wakati wake: silinda iliyopewa cheche ilikuwa ikifungua valvu ya kuingiza. Alipozihamisha waya zote nne upande wa pili wa kofia, injini ikanguruma mara moja.

Mzee akaondoka na furaha. Baada ya siku chache akaona maji ya rejeta yanapungua, na chini ya gari hakuna tone. Akafungua kifuniko cha oili, akakuta upande wa ndani umeganda utando wa rangi ya chai ya maziwa.

Maamuzi, na sababu zake

Gereji ya kwanza ilisema gasketi ni mbovu, iletwe nyingine. Jirani mmoja alishauri unga wa kuziba uvujaji umwagwe kwenye rejeta. Mzee hakukubali lolote kati ya hayo, akalipeleka gari kwa fundi mwingine, mtu mzima aliyefanya kazi na Peugeot miaka ya nyuma.

Swali lake la kwanza halikuhusu gasketi.

“Mzee, hedi ilipokuwa nje, injini ilizungushwa?”

“Hilo siwezi kujua, mwanangu. Labda tumuulize kijana.”

Kijana akapigiwa simu, akasema ndiyo, aliizungusha wakati wa kusafisha. Fundi wa pili tangu hapo alishuku sili za chini, ila hakufungua kitu kwa shuku tu. Alipima kompreshani, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda: silinda zote nne zilikaribiana. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akaiwasha na kuikanyaga: hakuna mapovu. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Dalili hizi zinaonyesha kwamba gesi ya silinda haipiti kwenye gasketi. Hazithibitishi kwamba gasketi ni nzima kila mahali, maana inaweza kuvuja kati ya njia ya maji na njia ya oili bila kugusa silinda yoyote. Alilitaja hilo mwenyewe, na ndiyo sababu hakuishia kwenye kompreshani.

Gari likalala usiku kucha. Asubuhi akalegeza bolti ya sampu polepole, na kabla ya oili kutoka yalitoka maji, karibu kikombe kizima. Maji ni mazito kuliko oili. Yakipewa muda yanatulia chini.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kufungua hedi tena, kubadilisha gasketi na kuona. Ni rahisi, lakini ukifungua hedi umepoteza ushahidi: slivu zinalegea, na hutajua tena maji yalikuwa yanapita wapi. Ya pili ni kutoa injini nzima hedi ikiwa bado imekazwa, kufungua sampu, na kutia presha kwenye njia za maji huku unatazama kutoka chini. Ni kazi kubwa zaidi, na mzee alishtuka alipoisikia. Fundi alimweleza kwamba kama sili za chini ndizo, injini itatoka tu, na kama si hizo, atakuwa ameokoa gasketi isiyo na kosa. Mzee akakubali.

Injini ikawekwa kwenye stendi, mipira ya maji ikazibwa, pampu ya mkono ikaunganishwa. Kwenye presha ya bar 1 hivi tulisubiri kwa tochi. Kwenye ukingo wa chini wa slivu ya pili, upande mmoja, tone lilijikusanya, likanenepa, likadondoka, na jingine likaanza. Slivu ya tatu ilikuwa na unyevu tu, ila ukiufuta unarudi. Ya kwanza na ya nne zilikuwa kavu.

Kufunga mara ya pili

Hedi ilipotolewa haikuinuliwa moja kwa moja. Bolti zote zilipotoka, fundi aliacha mbili pembeni zikiwa zimeshika kwa nyuzi chache tu, akaitikisa hedi kwa upande hadi gasketi ikaachia, ndipo akainyanyua. Ukiivuta juu ikiwa imeganda inaweza kuondoka na slivu.

Rula na fila vikapita juu ya bloku. Slivu ya pili ilisimama juu kuliko jirani yake kwa karibu 0.10 mm, na haikusimama sawa mzunguko mzima. Slivu na pistoni yake vilitolewa pamoja, kofia za rodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zikifunguliwa kutoka chini, ili ringi, pete za pistoni, zisisumbuliwe. Kila moja iliwekwa alama kwa rangi: namba yake, na upande ulioelekea mbele. Na pale kwenye bega la slivu ya pili ndipo jibu lilipokuwa. Kulikuwa na punje za kutu na chokaa ngumu nyeupe, zimebanwa kati ya sili na chuma hadi zikaacha vishimo. Gari hili limenyweshwa maji ya kisima miaka mingi, na maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa. Tope lake hukaa chini kabisa ya bloku, likizunguka mguu wa slivu. Kranki ilipogeuzwa, ringi za pistoni ziliburura slivu juu kiasi cha unywele, tope likaingia chini yake, na hedi ilipokazwa slivu ikarudi kukalia mchanga badala ya sili.

Bega zote nne zilisafishwa kwa kijiti cha mbao na kitambaa, kisha brashi laini. Kikwangua cha chuma hakikuguswa, maana mkwaruzo mmoja pale ni njia mpya ya maji. Bloku ilisukutuliwa kwa maji mengi hadi yakatoka meupe. Mabeali ya rodi (bamba laini zinazokalia kranki), kwa kuwa yalikuwa yameshafunguliwa na yalikuwa yameogea oili yenye maji, yalibadilishwa. Yale ya kranki yalitazamwa yakarudishwa.

Sili mpya zinakuja kwa unene tofauti kwa makusudi: unachagua ule unaoifanya kila slivu ichomoze kwa kipimo kinachotajwa na kitabu cha matengenezo, na majirani wasipishane. Hapa fundi alitumia asubuhi nzima. Saa ya kupimia ilisimamishwa juu ya bloku, kila slivu ikabanwa na kupimwa sehemu nne za mzunguko. Slivu moja ilibadilishiwa sili mara mbili. Zilipokubaliana, zilifungwa hapohapo kwa vibano vya kienyeji: vipande vya bomba vilivyokatwa urefu sawa, washa nene zinazopanda ukingo wa slivu, na bolti kupita katikati. Kuanzia hapo kranki iliweza kugeuzwa bila hofu.

Hedi ilipimwa tena kwa rula, ikapita, haikuskimiwa mara ya pili. Silikoni ya mwanzo iliondolewa yote. Gasketi ya hedi ya injini hii hufungwa kavu, kwenye nyuso kavu zisizo na mafuta. Silikoni inayozidi hujikamua ndani, na vipande vyake huenda kuziba njia nyembamba za oili. Tulikuta uzi wake mmoja umefika kwenye kichujio cha pampu ya oili.

Mashimo ya bolti yalipulizwa kwa hewa hadi kitambaa kikatoka kikavu. Shimo lenye maji au oili chini linakudanganya, kwa sababu bolti inasukuma kimiminika kisichobanika, spana inasema imefika, kumbe hedi haijakazwa. Nyuzi zilisuguliwa kwa brashi ya waya, zikapakwa oili kidogo pamoja na chini ya kichwa cha bolti.

Injini ikiwa garini hedi huteleza kwenye mteremko wa nyuzi 45 na kuburuta gasketi. Kwenye stendi tuliweza kuisimamisha wima, lakini fundi bado alitumia bolti mbili za zamani zilizokatwa vichwa kama miongozo. Kabla ya kuilaza hedi, skrubu za tapeti zote, zinazoweka nafasi kati ya roka na valvu, zililegezwa. Hedi iliyoskimiwa inakaa chini kidogo kuliko zamani huku urefu wa pushirodi ukiwa uleule. Ukikaza bila kulegeza, valvu zinabaki wazi au pushirodi inapinda.

Kitabu alichokuwa nacho kilitaja torki kwa kilo-mita, na spana yake ilisoma Nm. Alizidisha kila namba kwa 9.8 na kuandika majibu kwa chaki ukutani kabla ya kushika bolti ya kwanza. Kisha awamu kwa awamu, katikati kwenda nje. Tapeti zikawekwa injini ikiwa baridi, 0.10 mm kuingiza na 0.25 mm kutoa. Kabla ya kuwasha, plagi zilitolewa na starta ikazungushwa hadi taa ya oili ikazima.

Kabla ya gari kutoka, kulikuwa na swali ambalo halikuulizwa mara ya kwanza: lilichemka kwa nini? Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Inashikwa na klachi ya sumaku ya umeme, inayopewa umeme na swichi ya joto maji yakipata moto. Kaboni inayopeleka umeme kwenye klachi ilikuwa imeisha. Barabarani kwenye kasi, upepo ulitosha. Nyuma ya lori mlimani, hakukuwa na upepo wala feni. Thermostati nayo ilikuwa imetolewa zamani na mtu asiyejulikana. Kaboni ikabadilishwa, rejeta ikafunguliwa na kusafishwa, thermostati mpya ikawekwa.

Matokeo

Oili ilimwagwa baada ya injini kupata moto mara ya kwanza, ikatiwa nyingine ili kuondoa mabaki ya maji. Injini ilipopoa kabisa bolti za hedi zilirudiwa moja moja, kila moja ikilegezwa robo mzunguko kisha kukazwa hadi kipimo, na tapeti zikapimwa upya. Miezi mingi imepita tangu hapo. Maji hayapungui, kifuniko cha oili ni safi, na mzee ameshapanda Mazeras mara kadhaa, feni ikisikika inavyoshika.

Uchambuzi

Kazi ya hedi ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na uzuri wake ndio uliowapoteza watu. Hedi imetengenezwa, gasketi ni mpya, oili ina maji: akili inakimbilia gasketi, kwa sababu ndicho kitu kilichoguswa. Kilichoharibika hakikuguswa na mkono wa mtu. Kiliburuzwa na ringi.

Sikubaliani na waliosema kijana alikuwa mzembe. Alipima, alikaza kwa mpangilio, alitumia spana ya torki, vitu ambavyo mafundi wengi wazee hawafanyi. Alichokosa ni taarifa moja kuhusu injini hii, na hakuna dalili ya nje inayomwambia fundi kwamba bloku iliyo mbele yake ina slivu za maji. Ila ukitazama kwa makini hedi ikiwa nje utaona: kuna mstari wa mzunguko pale slivu inapokutana na bloku, na ukingo wake unakwama kwenye ukucha. Bloku ya Toyota haina mstari huo.

Uamuzi uliookoa pesa ni ule ulioonekana wa gharama kubwa, wa kutoa injini hedi ikiwa imefungwa. Gasketi ya pili ingewekwa juu ya slivu iliyokaa upande, ingeshika kwa muda au isishike kabisa, na oili yenye maji ingeendelea kula mabeali. Unga wa kuziba ungekuwa mbaya zaidi kwenye gari ambalo rejeta yake tayari imejaa chokaa. Swali la simu kwa kijana halikugharimu chochote, na liliwezekana kwa sababu alilijibu kwa ukweli. Fundi anayeogopa kulaumiwa angesema hakuzungusha, na upimaji ungeanzia mbali.

Lililoshindikana kwa gereji zote mbili kwa muda mrefu ni chanzo cha joto. Ya kwanza haikukitafuta kabisa. Ya pili ilikitafuta mwishoni, injini ikiwa imesharudi garini, wakati kaboni ya feni ingeweza kukaguliwa siku ya kwanza kwa waya mmoja kutoka kwenye betri.

Thermostati bado ni mzozo kati ya mzee na fundi. Mzee anaamini, kama madereva wengi wa pwani, kwamba kwenye joto hili haifai. Fundi anashikilia kwamba bila hiyo injini inakaa baridi mno safari fupi za mjini na oili haikaushi unyevu wake, na kwamba feni ikifanya kazi haina ubaya wowote. Kwa sasa imo. Slivu zenyewe ni za zamani, zina uchakavu uliobaki ndani ya kipimo lakini si mbali na ukomo, na fundi ameandika vipimo vya kila moja nyuma ya risiti ya mzee ili atakayefungua tena aanzie hapo.